Siti ya Mbele na Mtoto wa Mapajani

Hapa pwani ya Tanga mama mwenye kichanga hapandi gari kama abiria mwingine. Hupishwa. Akiruhusiwa kutoka Hospitali ya Bombo, awe anarudi Raskazone palepale jirani, au anavuka mji kwenda Ngamiani, au ana safari ya Pongwe na Muheza, mlango utakaofunguliwa kwa ajili yake ni wa mbele. Wifi na shangazi watabanana nyuma na vikapu, mama ataketi kwa nafasi kando ya dereva, na mtoto atalala mapajani ndani ya kanga, dashibodi ikiwa mbele yake. Anayempisha anatenda kwa mapenzi na kwa adabu, na adabu hiyo sitaki ipotee. Ninachoomba katika mazungumzo haya ni tubadilishe mlango. Mama mwenye mtoto apishwe siti ya nyuma, na ampishaye ndiye akae mbele, kwa sababu katika magari tuliyo nayo leo hakuna mahali penye hatari kwa mtoto kuliko siti ya mbele ya abiria.

Tuanze na gari lenyewe. IST, Passo, Vitz, Raum, Spacio, Noah: magari madogo mengi mno yanayopita katika barabara zetu za Tanga yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na si machache yenye umri wa miaka kumi, kumi na tano, hata ishirini. Ukitazama dashibodi upande wa kushoto, mbele ya abiria, mara nyingi utaona mfuniko wenye herufi za SRS. Huo ndio mfuko wa hewa, ambao mafundi na madereva wanauita eabegi. Chini ya mfuniko umekunjwa mfuko wa nailoni, na nyuma yake kuna kikopo cha chuma chenye kemikali. Gari likijigonga kwa mbele kwa nguvu ya kutosha, kihisio hupeleka umeme kwenye kikopo, kemikali inawaka, gesi inajaa mfukoni, na mfuko unaupasua mfuniko na kutoka. Kazi yote huisha ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde, upesi kuliko kope kufumba na kufumbua, na mfuko huja kwa kasi inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa. Mtu mzima aliyefunga mkanda na kuegemea siti yake huukuta umekwisha kujaa na umeanza kunywea. Unampokea kichwa na kifua, naye hunusurika. Ndiyo maana wataalamu wanataka pawe na angalau sentimita 25 kati ya kifua chake na mfuniko ule. Mtoto wa mapajani hana sentimita hizo. Yeye hukutana na mfuko ungali unafumuka, na pigo lililopimwa kwa kifua cha mtu wa kilo sabini humshukia kichwani na shingoni.

Haya hayasemwi kwa kukisia. Marekani waliyajua kwa misiba. Mifuko ya upande wa abiria ilipoanza kuenea huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipokewa kama kinga ya kila mtu. Baadaye wachunguzi wa ajali wakaanza kukuta mambo yaliyowashtua: gari limegonga kwa mwendo mdogo, bodi imebonyea kidogo tu, dereva ameshuka kwa miguu yake, na mtoto aliyekuwa mbele amefariki. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihesabu vifo zaidi ya 290 vilivyoletwa na mifuko ya mbele katika ajali za mwendo mdogo kati ya mwaka 1990 na 2008. Karibu tisa katika kila kumi vilitokea ndani ya magari yaliyotengenezwa kabla ya 1998. Upande wa abiria, wengi mno waliokufa walikuwa watoto, ama hawakufungwa mkanda, ama walikuwa katika viti vya watoto vilivyogeuzwa kuangalia nyuma na kuwekwa siti ya mbele. Mwaka 1996 ikaanzishwa kampeni kubwa ya kuwahamishia watoto nyuma. Watengenezaji wakaruhusiwa kupunguza nguvu ya mifuko, na miaka kadhaa baadaye sheria ikadai mifuko yenye uwezo wa kutambua kama aliyekaa mbele ni mtu mzima au mtoto. Vifo hivyo vikashuka mpaka vikawa adimu. Mpangilio wa mambo hayo unafaa kuangaliwa vizuri na sisi wenye magari ya zamani: hatua ya kwanza, ambayo haikuhitaji kiwanda wala fundi, ilikuwa kumtoa mtoto mbele.

Magari yetu hayakutengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, kwa hiyo sheria ile ya mifuko yenye akili haikuyahusu. Hayakutengenezwa kwa ajili ya Ulaya pia, ambako tangu mwaka 2006 ni kosa kuweka kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma mbele ya mfuko ulio hai, na ambako magari mengi yana swichi ya ufunguo ya kuuzima mfuko wa abiria. Gari la Kijapani la umri huo mara nyingi halina swichi hiyo. Onyo kuhusu mtoto limebandikwa, pengine kwenye kikinga jua, pengine ubavuni mwa dashibodi, ila limeandikwa Kijapani, na ni nani hapa Tanga atakayelisoma? Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi. Tangu Aprili 2000 sheria ya Japani inamlazimu dereva kumweka mtoto wa chini ya miaka sita katika kiti chake maalumu. Gari lilelile unaloliona likipita Chumbageni na kichanga mapajani, siku moja kabla ya kupakiwa melini lilikuwa gari ambalo humo mtoto alilindwa kisheria. Lilipovuka bahari tukalipokea gari, ulinzi ukabaki ng'ambo.

Sasa nisikilize hoja za upande wa pili, maana zipo na zinasemwa na watu wenye busara. Ya kwanza ni kwamba mjini kwetu mwendo ni wa taratibu. Kutoka Raskazone mpaka katikati ya mji kuna baiskeli, kuna bajaji, kuna watu wanavuka. Nani atakimbiza gari? Ni kweli, na Tanga inastahili sifa kwa hilo. Lakini mfuko wa hewa hauhitaji mwendo mkali. Kwa magari mengi, kugonga kitu kigumu kwa kilomita 15 hadi 25 kwa saa kunatosha kuuamsha, na vile vifo 290 nilivyovitaja vilikuwa vya ajali ndogo, za aina ambayo watu wazima wangeshuka, wakabishana juu ya bampa, kisha wakaendelea na safari. Mwendo wa taratibu humwokoa mtoto wa nyuma. Wa mbele humwacha na mfuko.

Ya pili husemwa na kina mama, nami naitaja kwa heshima: mwanangu nimemkumbatia, hawezi kuniponyoka. Hesabu ya fizikia ya sekondari inasema vingine. Gari lililo katika kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha sheria katika maeneo ya makazi, likisimamishwa na kizuizi ndani ya nusu mita, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu ya mara ishirini hivi ya uzito wake. Kichanga wa kilo tano, kwa kitambo hicho kifupi, huwa mzito kama gunia la mahindi la kilo mia. Hakuna mikono ya kulizuia gunia hilo, ya mama wala ya baba, na upendo wa mzazi hauongezi nguvu za misuli kwa kiasi hicho. Wapo wanaojaribu kutatua kwa kufunga mkanda mmoja juu ya mama na mtoto pamoja. Hilo ni baya zaidi. Mama wa kilo sitini naye hupata uzito wa mara ishirini, yaani zaidi ya tani moja, na mtoto yuko katikati, kati ya mwili huo na mkanda. Mkanda wa mtu mzima umfunge mtu mzima peke yake.

Nije kwa wale wanaojali kupita wengine, kwa sababu nao wamo hatarini na hawajui. Familia nyingi za Tanga zina ndugu Muscat na Dubai, na siku hizi kiti cha mtoto ni miongoni mwa zawadi zinazoletwa mtoto akizaliwa. Ni zawadi nzuri. Huko inakotoka imekuwa lazima: Falme za Kiarabu zilitaka kiti hicho kwa watoto hadi miaka minne kuanzia Julai 2017, na zikakataza mtoto wa chini ya miaka kumi au mwenye kimo cha chini ya sentimita 145 kukaa mbele. Oman ikafuata mwaka 2018. Tatizo ni pale baba anapokifunga kiti siti ya mbele ili amwone mwanawe anapoendesha. Kiti cha kichanga hugeuzwa kuangalia nyuma, na kikiwekwa mbele mgongo wake huwa karibu kabisa na mfuniko wa eabegi. Mfuko ukifumuka hukipiga kiti kwa nyuma, na kichwa cha mtoto kiko upande wa pili wa ganda hilo jembamba. Kiti chema kikiwekwa mahali pabaya kinaua, na hili ndilo kosa ambalo ningependa kila aliyenunua au kuletewa kiti alielewe kabla hajawasha gari.

Kwa nini basi tusikigeuze tu kiangalie mbele? Kwa sababu ya umbile la mtoto. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni ni kama robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo yake bado ni laini, haijaungana. Akiwa anaangalia mbele, gari likisimama ghafla, mikanda inakizuia kifua na kichwa kinaendelea na safari. Akiwa anaangalia nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinapokewa pamoja na ganda la kiti, nguvu inatawanyika. Bertil Aldman, mtafiti wa Uswidi, alilipata wazo hili katika miaka ya 1960 baada ya kuona namna wanaanga walivyolazwa kwa mgongo wakati wa kurushwa, na nchi yake imewaweka watoto hivyo mpaka wakiwa wakubwa kiasi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inataka mtoto aangalie nyuma mpaka afikishe angalau miezi kumi na mitano. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kuwa kiti kinachofaa hupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya magari kwa asilimia 70 hivi. Hayo yote yanapatikana kiti kikiwa siti ya nyuma.

Wapo watakaosema: kama eabegi ndiyo adui, fundi si aing'oe? Siungi mkono. Mfuko huo huo unamwokoa dereva na abiria mzima aliyefunga mkanda, na kuung'oa kwa kubahatisha ni kuchezea kilipuzi. Hata hivyo swali hili linafungua jambo ambalo wakazi wa pwani tunahitaji kulijua. Kampuni ya Takata ya Japani iliuza vikopo vya eabegi kwa Toyota, Honda, Nissan na wengine wengi, vikiwa na amonia naitreti. Kemikali hiyo, ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, huharibika, na siku ya ajali huwaka kwa nguvu kupita kiasi hata kikopo cha chuma kinapasuka na kurusha vipande ndani ya gari. Makumi ya mamilioni ya magari duniani yakaitwa viwandani yabadilishiwe, na Takata ikafilisika Juni 2017. Wachunguzi waliona kwamba hatari ni kubwa zaidi katika nchi na majimbo yenye joto na unyevunyevu. Tanga ni joto na unyevu mwaka mzima, na magari yetu ni ya umri huohuo. Mwenye gari achukue namba ya chesisi na kuuliza kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza kama gari lake limo katika orodha. Na wapo ambao gari lao liliwahi kugongwa kabla halijaja, mfuko ukatumika, dashibodi ikazibwa na taa ya SRS ikanyamazishwa. Hao wasijione wamepona, kwa sababu hawajui kilichobaki mle ndani. Jibu linalofaa kwa mfuko mzima, mbovu au usiokuwepo ni lilelile kwa mtoto: siti ya nyuma.

Hoja nzito kuliko zote ni ya fedha na ya haki. Msikilizaji wa Mabawa au Makorora atauliza: hayo mambo ya viti vya watoto ni ya wenye magari yao Raskazone, sisi watoto wetu wanapanda daladala na bajaji, na wengi zaidi wanakwenda shule kwa miguu. Yuko sahihi kwamba mtoto anayetembea kando ya barabara anahitaji njia ya miguu na matuta kabla ya kingine chochote, na sitaki mtu atumie mazungumzo haya kuisahau kazi hiyo. Lakini nyuma ya swali lake kuna dhana kwamba kumlinda mtoto ndani ya gari kunaanzia dukani. Utafiti wa ajali za Marekani uliochapishwa mwaka 1998 uliwalinganisha watoto waliokaa mbele na waliokaa nyuma. Katika magari yasiyo na mifuko ya hewa, kukaa nyuma kulipunguza hatari ya kufa kwa takriban theluthi moja. Katika magari yenye mfuko wa abiria, kulipunguza kwa karibu nusu. Nusu nzima, kwa kubadilisha mlango, bila kutoa shilingi. Mama akiwa na kichanga na hana kiti maalumu, basi akae nyuma, ajifunge mkanda yeye, amshike mtoto nje ya mkanda huo. Sisemi mtoto wa mapajani ni salama akiwa nyuma, la hasha. Nasema ameondolewa katika hatari mbili kubwa, eabegi na kioo cha mbele, na hilo linawezekana hata katika teksi, hata katika gari la kuazima.

Na fedha za viti vyenyewe tusizione kama ndoto. Nchi hii, kuanzia mwaka 2004, iliwapa kina mama wajawazito Hati Punguzo kliniki, wakanunua vyandarua kwa bei ndogo, na chandarua kikageuka kutoka kitu cha wachache kuwa kitu cha kila kitanda. Kichanga anakitumia kiti chake kwa mwaka mmoja na ushei tu, halafu hakimtoshi, kwa hiyo hospitali, msikiti, kanisa au chama cha madereva wa teksi kingeweza kuwa na viti vichache vya kuazimisha, kikitoka kwa mama huyu kinakwenda kwa mwingine. Kwa anayenunua cha mtumba, atazame lebo ya idhini yenye R44 au R129, atazame tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye plastiki, na akikatae kiti chenye ufa au ambacho muuzaji hawezi kusema kilikotoka, maana kiti kilichokwisha kupita katika ajali hakipokei nguvu ya pili kama ya kwanza.

Lipo pingamizi moja ambalo nalikubali kwa nusu. Marekani walipowahamishia watoto nyuma, ilianza kutokea kwamba mzazi aliye peke yake anamsahau mtoto aliyelala garini, na joto linamuua. Kwa jua la Tanga hatari hiyo ni ya kweli, gari lililofungwa linakuwa tanuri kwa dakika chache. Lakini dawa yake ni kuweka mkoba au simu siti ya nyuma pamoja na mtoto, usiweze kushuka bila kufungua mlango ule, na mtoto akilia huko nyuma wakati unaendesha, dawa ni kuegesha gari. Kumrudisha mbele ni kuondoa hatari moja kwa kuita nyingine.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilimwangalia dereva na abiria wa mbele kwa habari ya mkanda. Kiti cha mtoto haikukiwekea masharti, wala haikusema mtoto akae wapi. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na asasi wenzake wamekuwa wakidai kwa miaka kadhaa jambo hili liingie kwenye sheria, na Afrika Kusini ilikwisha kulifanya mwaka 2015 kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Nawaunga mkono. Lakini wakati sheria inajadiliwa, kila mwaka katika Wiki ya Nenda kwa Usalama polisi wanabandika stika kwenye vioo vya magari yetu. Ichapwe na ya pili, ndogo, ya kubandikwa juu ya mfuniko wa eabegi, iseme kwa Kiswahili kile ambacho Kijapani kimeshindwa kutuambia: mtoto asikae hapa. Na muuguzi anayemruhusu mama kwenda nyumbani, baada ya kumkumbusha chanjo na kunyonyesha, amwambie pia akae siti ya nyuma. Neno la muuguzi linasikilizwa kuliko la dereva.

Limebaki swali la pikapu, ambalo najua litaulizwa na watu wa mashambani na wa Pangani, kwamba gari lina siti za mbele tu. Kichanga katika kiti kinachoangalia nyuma asipande humo kama mfuko wa abiria upo na hauzimiki. Atafutiwe gari jingine. Mtoto mkubwa kidogo, anayeangalia mbele, akilazimika, siti irudishwe nyuma mpaka mwisho wa reli yake, afungwe mkanda wake peke yake, mgongo uegemee, na asiruhusiwe kuinama wala kusimama kushika dashibodi mpaka gari lizimwe. Bodi la nyuma lililo wazi si mbadala. Humo hakuna mfuko wa hewa, na hakuna pia kitu chochote cha kumzuia asirushwe barabarani.